Chama cha Ng'ombe

Harlow Notch, Vermont
Desemba 3

Mke wangu Corinne,

Mimi sijambo, ng'ombe hawajambo, bomba la jikoni ndilo linaloumwa, linakohoa mpaka asubuhi. Sijui hali ya dada yako Odile na nyonga yake. Mwambie shemeji yake anamsalimu, na anamwomba asipande tena ngazi kumfuata paka ambaye angeshuka mwenyewe.

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Tangu uondoke nikikupigia tunaanza na hali ya hewa, tunapita kwa Odile, tunafika Washington, halafu mmoja wetu anakata. Kwenye simu maneno hutoka kabla hayajaiva. Barua lazima uitafutie kalamu, uitafutie stempu, uitembeze mpaka dukani kwa Verna, na njiani unapata nafasi ya kuona aibu. Tujaribu hivi. Sharti langu ni moja, tusiwataje waliogombea. Wewe ni wa chama cha Punda, mimi ni wa chama cha Tembo, tumekuwa hivyo tangu siku ya harusi, na baba yako alilijua hilo aliponipa mkono. Watu husema wapiganapo tembo nyasi huumia. Hawajaona tembo akipigana na punda. Hapo zinazoumia ni ndoa.

Nimeota ndoto, ndiyo iliyonitoa kitandani kuandika. Tulikuwa ukumbi wa mji, siku ya mkutano wa Machi. Lyman Peck amekaa mbele na rungu lake la usimamizi, sauti za ndiyo na hapana zimelingana, naye akasema kama anavyosema kila mwaka: "Haya, gawanyikeni! Wanaokubali ukuta wa kushoto, wanaokataa ukuta wa kulia." Watu wakainuka na makoti yao. Mimi nikashika njia yangu, nikajua nawe utashika yako, kama tulivyozoea miaka yote mbele ya macho ya mji mzima. Lakini ndotoni ulipita katikati. Ukaenda kusimama ukuta wa nyuma, ule wa jikoni, wenye kidirisha cha kupitishia chakula. Ulikuwa peke yako na umetulia, uso wako kama wa mtu aliyemaliza kufua. Nikataka kukufuata, sakafu ikageuka nyasi kavu mpaka magotini, natembea sifiki. Nikakuita, "Corinne, hapo ni chama gani?" Ukanijibu. Ila theluji ilikuwa inaanguka ndani ya ukumbi, na jibu likafunikwa.

Basi nakuuliza tena nikiwa macho. Nchi yetu hii ingekuwa na vyama vitatu badala ya viwili, hapo kwenye ukuta wa tatu wangesimama kina nani?

Sikuulizi utarudi lini. Nimeuliza hilo tu.

Wako,
Hollis


Lewiston, Maine
Desemba 12

Bwana Hollis Tarbell,

Mara ya mwisho kuniandikia barua ulikuwa jeshini, na ulikuwa unaomba soksi. Hii nimeisoma mara mbili nikitafuta soksi ziko wapi.

Odile analala chumba cha mbele ili auone mto. Daktari anasema hatatembea kabla ya majira ya kuchipua. Mimi niko hapa kwa ajili ya nyonga yake, na ndivyo ninavyowajibu wote wanaouliza. Wewe unajua vizuri niliondoka asubuhi ya siku gani. Sikukasirika kwa sababu mtu wako alishinda. Watu wangu wameshindwa mara nyingi na jioni nimekupikia vilevile. Ulicheka, Hollis. Nimesimama na kitambaa cha vyombo mkononi, machozi yananitoka, nawe umekaa mbele ya televisheni unacheka. Nimelisema, sasa niendelee.

Ndoto yako nilitaka kuitupa. Nikakosea nikamsomea Odile, maana mtu asiyeweza kuinuka kitandani ana haki ya kuchekeshwa. Akasema, "Mjibu, la sivyo namjibu mimi, na mimi nitamwandikia Kifaransa." Haya basi.

Kwanza mnyama. Wenzetu wana punda na tembo, sisi tutachukua ng'ombe. Hana mbio na hana fahari, lakini jambo akilimeza hulirudisha mdomoni, akalitafuna upya, akitazama ukuta. Hakuna sheria itakayopita nchini mpaka icheuliwe. Wanaosimama pale ni wale wanaoweza kusema "sijui bado" bila kuona haya. Yupo mwalimu anayejua kulenga bunduki, na mkulima anayetaka hospitali ya bure ila anaogopa kulisema hilo dukani. Ni watu ambao kila wakishika karatasi ya kura huhisi wamekaribishwa kuchagua kati ya viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto.

Jifya moja haliinjiki chungu, hilo hata mtoto analijua. Sisi tuna mawili. Chungu kinakaa, kinayumba, na kila baada ya miaka minne kinatumwagikia. Fikiria la tatu. Katika nchi hiyo hakuna mwenye nusu. Asubuhi baada ya kura hakuna wa kucheka na hakuna wa kulia, maana hakuna aliyeshinda peke yake. Kila kiongozi anavaa koti, anakwenda kugonga mlango wa mwenzake na kuomba aketi. Naiona hiyo asubuhi, Hollis. Ina ukungu, na milango inagongwa nchi nzima polepole, mmoja baada ya mwingine.

Odile anasema rais wetu asiape kwa kuinua mkono. Akamue kwanza, tumwone.

Corinne


Harlow Notch
Januari 2

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Ng'ombe,

Nimepokea katiba yako na nimeicheua. Asante ya punda ni mateke, hiyo tulishazoea, lakini usisahau kwamba ng'ombe naye hupiga ndoo teke, na maziwa yanayomwagika huwa ni yangu. Isitoshe umeniwekea hospitali ya bure mlangoni kabla sijamaliza uji. Nani atalipa? Nakuuliza kwa heshima, mimi mwanachama wa kawaida niliyetoroka kwa Tembo kwa siku moja.

Hata hivyo tangu barua yako nimekuwa naiona nchi hiyo nikiwa kwenye kukamua. Mashine inapumua, ng'ombe wanapumua, dirisha limeganda, nami niko Washington. Ukumbi mkubwa chini ya kuba una njia tatu za kupita badala ya moja ya katikati. Watu wa Tembo wanapiga kelele, watu wa Punda wanapiga kelele, halafu wote wanageuka kumtazama mzee mmoja wa kwetu aliyekaa karibu na mlango na kofia yake magotini. Kwa kuwa hakuna mwenye nusu, wanamhitaji. Naye anatazama nje, theluji inaanguka juu ya zile nguzo nyeupe, na ukumbi mzima unanyamaza kungoja mtu mmoja amalize kufikiri. Corinne, lini umeona nchi hii ikimngoja mtu amalize kufikiri? Nilisahau mashine ikamkamua ng'ombe wetu Duchess mpaka akanipiga mkia usoni.

Sasa la huku kwetu. Halmashauri imetoa hoja za mkutano wa Machi, na mojawapo ni kuifunga shule yetu. Watoto wapande basi mpaka mjini, jengo liuzwe. Najua ni shule yako, umefundisha pale mpaka mvi. Sitakudanganya, nilikwisha kuamua kukubali. Kodi imenifika hapa kooni. Nakuambia mapema ili usisikie kwa mwingine.

Kuhusu kile kicheko sina utetezi. Nilifurahi kushinda, nikasahau kwamba niliyemshinda yuko jikoni kwangu. Nisamehe.

Verna anakusalimu. Wote dukani wanakusalimu, kuliko kawaida.

Wako,
Hollis


Lewiston
Januari 17

Mume wangu,

Mto umeganda kote isipokuwa mstari mmoja mweusi katikati. Odile anauita njia ya kupitia chama chetu. Jana tuliitisha bunge chumbani kwake. Odile alikuwa Tembo, mimi Punda, paka akawa Ng'ombe. Tulibishana juu ya supu mpaka ikapoa, kisha tukamwomba paka kura yake. Akainuka, akajinyoosha, akaenda kulala juu ya redio. Odile akasema, "Umeona? Huyo ndiye kiongozi. Angalau ametunyamazishia taarifa ya habari."

Nami nimeota. Nilifika nchi ile. Nilikuwa natembea kwenye barabara ya kwetu, lakini mabango ya uchaguzi yaliyosimama nyuani kwa watu yalikuwa meupe matupu, na kila mwenye nyumba alikuwa amekaa karibu na bango lake kama mtu anayengoja likauke rangi. Kituo cha kura kilikuwa na milango mitatu. Mwanamke nisiyemjua alinipa bakuli la supu badala ya karatasi, akaniambia, "Kunywa kwanza, hakuna haraka, tunafunga masika." Ndani ulikuwepo wewe, umekaa meza moja na watu wawili, mnacheza karata kwa upole sana. Ukasogea upande mmoja wa benchi. Nilipoamka nilinyoosha mkono upande wako nikamshika paka.

Nimekukumbuka, Hollis. Nimeliandika na silifuti.

Nitakuambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata Odile. Miaka yote ukumbini, Lyman akisema gawanyikeni, nimekwenda ukutani kwangu kidevu kiko juu, na kila mara nilikuwa na uhakika wa nusu tu. Ile nusu nyingine nilikuwa naiacha kwenye kiti, chini ya koti. Nilikuwa nakutazama upande wa pili nakuona umesimama kama nguzo, nami naona haya kuyumba mbele ya nguzo. Labda ndiyo maana nalipenda jambo hili la vyama vitatu. Ningepata mahali pa kuipeleka hiyo nusu.

Juu ya shule sikuamrishi. Katika chama chetu hakuna anayevutwa sikio. Cheua.

Mkeo,
Corinne


Harlow Notch
Februari 5

Dada Corinne mpenzi,

Hujambo? Mimi Verna, nakuandikia nikiwa kaunta, wateja wangoje. Nimesema nisikae kimya wakati wewe umekuwa mtu mashuhuri!

Hujui? Hollis hakukuambia? Haya, mwanaume ni mwanaume. Kila barua yako ikifika anaichukua kwangu, anakwenda nayo nyumbani, kesho yake asubuhi anarudi amevaa shati la kanisani, anakaa karibu na jiko la kuni na kutusomea. Zile za mapenzi anaruka, tunamwona macho yanavyoruka mistari, ila mengine yote tunapata. Mwanzo tulikuwa watu wa kahawa tu. Siku hizi wanasimama mpaka nje penye theluji. Chama cha Ng'ombe kimekuwa chama kweli! Watoto wa shule wametuchorea ng'ombe kwenye shuka, mkubwa, ana kope. Alipofika pale unaposema una uhakika wa nusu tu na nusu nyingine unaiacha chini ya koti, nakwambia, watu waliweka vikombe chini. Halafu Lyman Peck, Lyman yule yule wa rungu, akasema polepole, "Hata mimi." Na mwingine, na mwingine. Mimi nililia juu ya mashine ya kukatia nyama.

Sasa wanataka siku ya mkutano wasimame ukuta wa nyuma, kama ulivyoandika. Na wanataka Hollis agombee kiti cha bunge la jimbo kule Montpelier. Hajakubali wala hajakataa, anaona haya kama bikira. Njoo uone kazi ya mikono yako!

Msalimie Odile. Nani atatuletea pai ya tufaha mwaka huu, maana ya mke wa Lyman tunaijua.

Verna Stoddard


Lewiston
Februari 9

Hollis,

Verna ameniandikia.

Nilikuwa nakuandikia wewe. Sikuuandikia mji. Ile nusu niliyokuwa naficha tangu usichana nilikupa wewe ushike, ukaisoma kwa sauti dukani penye mashine ya kukatia nyama.

Nilidhani tuna mahali petu wawili pasipo na ukuta. Kumbe umeuza tiketi.

Chukua chama, chukua ng'ombe na kope zake, nenda nacho Montpelier. Usinijibu.

Corinne


Harlow Notch
Machi 7

Corinne,

Ulisema nisikujibu, na sijakujibu mwezi mzima. Hii si jibu. Hii ni taarifa ya mkutano wa mji uliofanyika jana, na kila mkazi asiyehudhuria ana haki ya kuipata.

Barua yako ya mwisho sikumsomea mtu. Nilikwenda dukani na shati la kazi, nikawaambia hakuna tena kusoma, na kwamba nilichofanya kilikuwa wizi. Walionielewa ni wachache. Chama kiliendelea bila mimi, kama mpira unavyoteremka kilima baada ya kuurusha. Kwa nini nilisoma, unaweza kuuliza. Kila nikiingia dukani watu walikuwa wananiuliza habari zako kwa ile sauti ya kuulizia mgonjwa. Nilitaka wasikie kwamba mke wangu bado ananiandikia. Hilo tu. Nilikuwa najivunia, na majivuno hayana akili.

Jana basi. Kila nyumba ilileta chungu chake, maharagwe yakiwa mengi kuliko tunavyohitaji. Shuka la ng'ombe lilikuwa limetundikwa ukuta wa nyuma, juu ya kidirisha cha jikoni. Nilikaa mahali petu, nikaliweka koti langu kwenye kiti chako ili asikae mtu.

Hoja ya shule ilichukua asubuhi nzima. Mzee Stoddard wa kwa kina Verna akasema kodi itamzika kabla ya maradhi. Binti mmoja mwenye watoto wawili pale shuleni akasimama akasema basi likiteleza kwenye theluji nani atamrudishia wanawe. Sauti zikapigwa, zikalingana. Lyman akagonga rungu.

"Gawanyikeni! Shule ifungwe, kushoto. Isifungwe, kulia."

Kisha ikatokea, Corinne, sawasawa na ndoto yangu. Karibu nusu ya ukumbi waliinuka wakaenda nyuma. Walikwenda polepole na makoti mikononi, wengine wanatabasamu, wamepanga mstari chini ya yule ng'ombe. Theluji ilikuwa inaanguka nje ya madirisha. Nikasema moyoni, kumbe inawezekana.

"Nyinyi wa nyuma ni nini?" Lyman akauliza, na uso umemwiva, maana hata yeye ni mmoja wao.

"Sisi ni wa tatu," wakamjibu. "Tunasema bado. Tunataka tuicheue mwaka mmoja."

"Ndugu zangu, moyo wangu uko huko. Lakini kanuni inajua kuta mbili. Wa nyuma nitawahesabu kama watu waliokwenda chooni."

Wakacheka, hawakutoka. "Hollis!" wakaniita. "Njoo huku, mwenye chama! Wewe ndiwe uliyeanza!"

Nikabaki kitini. Nikasema, "Mwenye chama si mimi. Nilikiiba." Ndipo nikaanza kutazama vizuri. Chini ya yule ng'ombe walikuwa wamesimama wazazi, hata yule binti wa watoto wawili. Wote wangekwenda kulia. Wamesimama pale wanaota, na kushoto watu wa kodi hawaoti. Lyman alikuwa anawahesabu kwa kidole, midomo inatembea, nikahesabu pamoja naye. Shule ilikuwa inakufa kwa pengo la mtu mmoja.

Uongo hauna faida. Bado naona kodi ni kubwa, na nilitoka nyumbani nikiwa mtu wa kushoto. Lakini nilitazama kulia karibu na bomba la joto, mahali ambapo ungesimama wewe, nikaona pako wazi. Pengo lile lilikuwa wewe, na ulikuwa hupo kwa sababu yangu. Nikainuka nikaenda kusimama hapo.

Ukumbi ulipiga yowe. "Tembo amelewa!" "Rudi kwenu, msaliti!" Mzee Stoddard akanitazama kama nimemvua suruali. Kura zikawa sawa kwa sawa, na hoja iliyolingana imeanguka, hiyo kanuni unaijua. Shule iko wazi.

Hivi sasa Tembo hawanisalimu, Punda hawaniamini, na Ng'ombe wanasema niliwaacha ukutani. Nimefanikiwa kukosana na vyama vyote vitatu, jambo ambalo nadhani hakuna Mmarekani aliyewahi kulifanya kabla yangu. Chama chenyewe kilivunjika kabla ya pai kuisha. Nusu walisema tungoje, nusu wakasema tungoje zaidi. Shuka wamemrudishia mke wa Lyman.

Mwisho wa taarifa. Sina haki ya kukuomba kitu na siombi. Ila nakupenda, na nyumba ni kubwa mno.

Hollis


Lewiston
Machi 12

Hollis,

Nilikuwepo.

Nilikuwa nyuma ya kile kidirisha. Nilimpigia Verna nikamwambia nakuja, akimwambia mtu nitamnyonga. Nilifika alfajiri na basi, nikaingia kwa mlango wa nyuma na pai mbili, nikafunga kitambaa kichwani nikawa naosha vyombo. Wanawake wote wa jikoni walijua. Hakuna aliyefungua mdomo, na usiniulize tena kama wanawake wa Harlow Notch wanaweza kutunza siri.

Nilikuja kuyachukua maneno yangu. Nilikuwa nimepanga hivi: ukienda ukuta wa nyuma na kuanza kuhutubia kwa sentensi zangu, nifungue kidirisha nikumwagie maji ya vyombo, halafu niende nikamwone wakili. Nilikuwa nimekwisha kuandika namba yake.

Kupitia ufa wa kidirisha niliwaona wakija, wakanigeuzia migongo karibu kabisa, nikasikia harufu ya makoti yaliyolowa. Ule ukuta nimeuwaza majira yote ya baridi, na kila nilipouwaza ulikuwa kimya na ukungu. Nilitokwa na machozi, Hollis. Ni watu wazuri. Halafu Lyman akaanza kuhesabu, nami mwalimu wa hesabu nikajua kabla yake.

Ningeweza kutoka. Bado ni mkazi, jina langu limo. Ningefuta mikono, nikasimama kwenye lile pengo, shule ikapona bila wewe. Verna alikuwa ananichoma kiwiko mbavuni, "Toka, wewe! Toka, wanaifunga!" Nikamwambia ngoja. Nilitaka kuona utakwenda wapi. Nimewafundisha watoto wa pale maisha yangu yote, na siku ile niliwaweka rehani ili nimjue mume wangu. Sijui kama nitajisamehe. Nakuambia wewe, na hili usimsomee mtu.

Kisha ukainuka. Hukuangalia huku wala kule. Ulikwenda ukasimama mahali pangu, ukavua kofia. Walipokuzomea ulikuwa unatetemeka, nikaona kwamba miaka yote hii hukuwa nguzo.

Nikaondoka kwa mlango wa nyuma kwa sababu Odile alikuwa peke yake. Kwenye basi nililia mpaka New Hampshire.

Nchi ile ya milango mitatu bado naitaka. Nadhani itakuja siku moja, tukishakufa, na itakuja na kanuni zake, si kwa shuka. Mimi Novemba nitasimama ninakosimama, nawe simama kwako, usinifanyie tena hisani ya kura, unaniharibia ugomvi. Lakini jioni turudi nyumba moja.

Odile anatembea kwa fimbo na amechoka kunisikia nikimsahihisha paka. Jumamosi nitapanda basi la mchana mpaka dukani kwa Verna. Kutoka hapo sijui, maana nasikia barabara ya kilimani imekuwa matope matupu na magari yanazama.

Mkeo,
Corinne


Dukani kwa Verna, apewe Corinne akishuka
Machi 16

Corinne,

Barabara ni matope mpaka kwenye vitovu vya magurudumu, hakuna gari linalopanda. Basi likifika kabla yangu kaa jikoni kwa Verna upate joto. Nakuja na trekta.

Lina kiti kimoja. Utaendesha wewe, mimi nitasimama nyuma.

Hollis